UZI: Mtoto anaitwa Sechelela, kanisani wanataka "jina la Kikristo". Hivi hili limeandikwa wapi?

Zabibu_Kavu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mdogo wangu wa kike ana binti wa miezi mitano, kampa jina la bibi yetu mzaa mama, Sechelela. Juzi kaenda kuandikisha ubatizo, ni Katoliki, ni hapa hapa Dodoma, parokia siitaji maana sijaleta uzi kumsema mtu. Anayeandikisha akamuuliza jina la mtoto, akasema Sechelela. Na la Kikristo? Akasema ndo hilo hilo. Akaambiwa mama hilo la nyumbani, kaeni na baba mtoto mtafute la mtakatifu mje nalo Jumamosi kwenye mafundisho. Shemeji hana shida, anasema andikeni Angela yaishe. Mdogo wangu ndo hataki, na mimi niko upande wake, nikachukua Biblia nikaanza kufuatilia haya majina moja moja.

Tuanze na waliobadilishwa na Mungu mwenyewe. Abramu alikuwa na miaka 99 akaitwa Ibrahimu, Sarai akawa Sara, Yakobo kashindana mweleka usiku kucha pale Yaboki katoka na jina la Israeli na nyonga imeteguka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa jina lako la zamani ni la kipagani au ni la kikabila. Kila mmoja kapewa ahadi au kazi, jina limekuja pamoja na hiyo ahadi. Na Mungu hakuwa hata mkali nalo, Mwanzo 46 Yakobo ni mzee anashuka Misri, usiku anaitwa "Yakobo, Yakobo", la zamani kabisa. Yesu naye kampa Simoni jina la Petro lakini pale baharini baada ya kufufuka anamuuliza mara tatu "Simoni wa Yohana, wanipenda?" Hajasema Petro hata mara moja pale.

Sasa tafuta kwenye Biblia nani anabadilisha watu majina ili wafanane na wenye nchi. Ni Farao, kamwita Yusufu Safenath-panea. Na Babeli, mkuu wa matowashi kachukua vijana wanne wa Yuda, Danieli kawa Belteshaza, na wale wenzake watatu ndo hao Shadraka, Meshaki na Abednego tunaowaimba Sunday school mpaka leo kwa majina ya Babeli, wakati kwao walikuwa Hanania, Mishaeli na Azaria.

Kuna mtu atasema Sauli alipookoka akawa Paulo. Hapana mkuu, soma tena. Njia ya Dameski ni Matendo 9, Anania anamwekea mikono anamwita "Ndugu Sauli", anabatizwa, anahubiri, na anaendelea kuitwa Sauli mpaka sura ya 13 kule Kipro ndo Luka anasema Sauli ambaye ndiye Paulo. Alikuwa nayo yote mawili, la Kiyahudi na la Kirumi, kama wewe unavyoitwa Mazengo nyumbani na Michael kazini.

Na la mwisho ndo linaniuma zaidi. Apolo, yule mhubiri hodari wa Efeso na Korintho, jina lake limetoka kwa mungu wa Wayunani. Epafrodito ametokana na Afrodita, mungu wa kike. Dionisio wa Areopago ni jina la mungu wa pombe kabisa. Wote waamini, Apolo na Epafrodito Paulo anawaita kabisa ndugu, hakuna aliyeambiwa kalete jina lingine Jumamosi. Sasa Sechelela, jina ambalo Mgogo yeyote akilisikia anajua ni la kufurahi, kakosa nini?

Karibuni, bila matusi.

Mnyaturu_Og

Mungu wa pombe 😂😂 mkuu umeniua. Naweka kiti hapa.

Mwl_wa_Dini

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa hiyo naomba nijibu upande wa pili maana mleta uzi umeshusha mvua ya mistari lakini umeacha kitu muhimu.

Jina la mtakatifu sio kwa ajili ya kumfanya mtoto awe Mzungu. Ni somo wake. Mtoto anapewa mtu aliyeshamaliza mwendo, wa kumwombea na wa kumwiga, ana siku yake kwenye kalenda, kwenye jumuiya wanamuombea siku ya somo wake. Mimi naitwa Agustino, ujana wangu haukuwa mzuri, niliposoma maisha ya somo wangu na mama yake Monika alivyolia miaka na miaka nikajiona kabisa. Hilo jina lilinivuta. Ukimnyima mtoto somo unamnyima ndugu.

Na hii haikuanza na wamisionari wa juzi. Karne ya tatu tu Dionisio askofu wa Aleksandria alishaandika kwamba Wakristo wengi wanawaita watoto wao Petro na Paulo kwa kuwapenda mitume.

Lakini tuseme ukweli wote. Sheria ya zamani ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 761, paroko alitakiwa ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakigoma yeye anaongeza la mtakatifu na yote mawili yanaandikwa kwenye daftari. Walimu wetu wengi walifundishwa na waliofundishwa kwa hiyo. Sheria ya sasa ya 1983, kanuni ya 855, inasema wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisiloendana na hisia ya Kikristo. Basi. Neno mtakatifu halimo. Kwa hiyo mdogo wako asirudi kwa yule anayeandikisha, aombe kuonana na paroko kwa adabu. Ila mimi binafsi ningemshauri aongeze na somo, kuongeza hakupunguzi.

Zabibu_Kavu

Mwalimu asante sana, hiyo ya 855 ndo nilikuwa naitafuta. Nakubali habari ya somo ni nzuri. Shida yangu ni neno "la nyumbani", kana kwamba Mungu anakaa parokiani tu na nyumbani hafiki.

Shujaa wa Imani

Shalom watumishi. Mnazunguka sana na kanuni za wanadamu, jina ni ROHO. Jina ni lango. Kuna watu wanaitwa Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko na ukiangalia maisha yao ndo hivyo hivyo, hawaolewi, biashara hazisimami, ukoo mzima umefungwa kwa majina ya mababu waliokuwa wanatambika. Huyo bibi aliyerithiwa jina lake mnamjua aliabudu nini?? Raheli alipokuwa anakufa alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu, Yakobo akakataa pale pale akamwita Benyamini. Yabesi mama yake alimpa jina la huzuni akamlilia Mungu akabarikiwa. Sisi kanisani kwetu watu wanabadilishiwa majina kila mwezi kwenye mkesha na shuhuda zipo. Mimi mwenyewe nilikuwa naitwa Masumbuko leo naitwa Joshua. Msiwe na elimu ya vitabu mkakosa ufunuo.

Zabibu_Kavu

Mtumishi Joshua, Benyamini nakupa, pale baba kakataa jina kweli. Ila soma Yabesi vizuri, 1 Nyakati 4 mstari wa 9 na 10. Kaomba abarikiwe, apanuliwe mipaka, Mungu akampa alichoomba. Hakuomba jina jipya na hakupewa. Kabarikiwa akiitwa Yabesi mpaka tunavyoongea. Na Naomi aliporudi Bethlehemu kajibadilisha mwenyewe, msiniite Naomi niiteni Mara, Mwenyezi kanitenda mambo machungu. Mwandishi wa Ruthu hajamsikiliza hata kidogo, mstari unaofuata tu anaendelea kumwita Naomi mpaka mwisho wa kitabu. Kwa hiyo hiyo nadharia ya jina linafunga maisha inatoka wapi?

Na bibi yetu alikuwa Mama wa Umoja wa kanisa huko Mvumi zaidi ya umri wangu, alikuwa Anglikana, alikufa na Biblia yake. Ndo hapo sasa.

Shujaa wa Imani

Nitakuombea ndugu.

mama_Nyemo

Mimi sina mistari mingi. Ila nimecheka mnavyopigania jina la mtoto wa kike, maana akiolewa tu hilo jina mnalopigania linaisha, ataitwa mama fulani mpaka azikwe. Mi kazini kwangu hapa Majengo hakuna hata mmoja anayejua naitwa nani, ni mama Nyemo tu, na Nyemo kabatizwa kwa jina hilo hilo mwaka 2016, Katoliki, hakuna aliyeuliza kitu. Kwa hiyo ni mtu unayemkuta siku hiyo. Padri aliuliza tu linamaanisha nini, nikamwambia, akasema haya tuendelee.

Alafu mnamsahau Mtakatifu Bakhita. Yule ni mtumwa wa Sudan, alitekwa mdogo, mateso yalimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake, Bakhita wamemwita waliomteka. Akabatizwa Italia mwaka 1890 akawa Josefina na mengine. Yohane Paulo wa Pili kamtangaza mtakatifu mwaka 2000, na watu wanamuita Bakhita. Kila nikikumbuka hii stori naona jina la mama yake liko kwa Mungu peke yake. Sijui nimeeleweka.

Mnyaturu_Og

Umeeleweka dada.

Kondoa_Irangi

Ngoja na sisi wa kaskazini tuchangie. Mimi ni Mrangi, kwetu ukoo mkubwa ni Waislamu, baba alibatizwa akiwa mtu mzima akawa Paulo kwenye cheti, lakini kijiji kizima mpaka anazikwa ni mzee Ramadhani. Sisi watoto tuko mchanganyiko, kuna Hamisi ni mzee wa kanisa, kuna Fatuma ni kwaya masta. Nilikuja chuo Dodoma nikasimama kwenye fellowship najitambulisha naitwa Juma nampenda Yesu, watu wakaanza kuimba haleluya nikaulizwa niliokoka lini kutoka Uislamu, wakati nimezaliwa nimekuta baba ameshabatizwa 😂. Nikaitwa mbele kutoa ushuhuda, nikasema sina.

Pointi yangu, ukimwambia baba yangu chagua Ramadhani au Paulo alikuwa hachagui. Ramadhani ndo jina la ndugu zake, angelikataa ingekuwa kama kuwaambia nyinyi sio wangu tena. Na Eid walikuwa wanamletea pilau mpaka mwaka wa mwisho.

Mzee wa Chamwino

Bwana asifiwe vijana. Nimesoma kimya tangu jana, nami niseme machache kama mtu mzima kidogo.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na dayosisi yetu ya Central Tanganyika imeanza 1927. Wazee wetu waliobatizwa Mvumi, Kongwa, Mpwapwa walikuwa wanapewa Yohana, Petro, Daudi, Mika, Yeremia, na wengi walipenda wenyewe, msije mkafikiri wote walilazimishwa. Baba yangu aliniambia jina jipya siku ya ubatizo lilikuwa kama tangazo, kwamba huyu sasa ukimwita kwenye tambiko haitiki. Kwa mtu aliyetoka kule haikuwa jambo dogo. Nyie mmezaliwa kanisani hamuwezi kuona hilo, na hapo namuelewa hata huyo ndugu aliyekuwa Masumbuko.

Lakini majina ya Kigogo hayakufa, yalisogea nyuma yakawa ya ukoo. Angalia John Malecela, Job Lusinde, askofu Yohana Madinda. La mbele la Biblia la nyuma la Ugogo, na la nyuma ndilo lililobaki kwenye midomo ya watu. Halafu akaja askofu Mhogolo. Jina la ubatizo alikuwa nalo, Godfrey, lakini watu walimjua kama Mdimi Mhogolo, Mdimi ni mchungaji, na anayejua Kigogo atakuambia jina hilo na kazi ya uaskofu vilikuwa vinaelewana vizuri kabisa. Amekaa kwenye kiti cha dayosisi tangu 1989 hadi alipofariki 2014, na hakuna aliyesema ni askofu wa nyumbani.

Na Mwalimu Nyerere. Alizaliwa 1922 akapewa jina la Kambarage, ni jina la mzimu wa mvua huko kwa Wazanaki, amebatizwa Desemba 1943 ndipo akawa Julius. Hakulitupa Kambarage mpaka kaburini, na Kanisa Katoliki hilo hilo linamwita Mtumishi wa Mungu na mchakato unaendelea. Siku akitangazwa mtakatifu nitapenda kuona ofisi ya parokia inamjibu nini mama atakayeleta mtoto anaitwa Kambarage.

Mwl_wa_Dini

Mzee umenipa kazi 😅. Ila tayari tumeshapita hapo. Kizito, Gyavira na Mugagga wa Uganda walibatizwa na Karoli Lwanga wakiwa wanasubiri kuuawa mwaka 1886, hakukuwa na muda wa kutafuta majina ya Kizungu, na Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 1964 kwa hayo hayo majina ya Kiganda. Leo ukimleta mtoto Kizito hakuna anayekuuliza jina la Kikristo liko wapi. Jina la Kikristo ni jina ambalo Mkristo mmoja ameshalivaa vizuri, ndivyo ninavyoona mimi.

Zabibu_Kavu

Hapo mwalimu umejifunga goli mwenyewe. Kama ni hivyo basi lazima awepo wa kwanza kulivaa, na wa kwanza ukimkatalia mlangoni Sechelela mtakatifu atapatikana lini?

Mwl_wa_Dini

Nimekosa jibu la haraka. Ntarudi.

Historia_Tu

Niongeze vitu viwili vitatu halafu nipotee.

Papa wa kwanza tunayejua alibadilisha jina ni Yohane wa Pili, mwaka 533. Yeye alikuwa anaitwa Mercurius, mungu wa Kirumi, akaona haiwezekani papa akaitwa hivyo. Lakini hebu jiulize, alikuwa padri na jina hilo hilo, alibatiza watu na jina hilo hilo, shida imekuja alipofika juu. Desturi ya kila papa kuchukua jina jipya ikaja kukomaa baadaye, na hata hapo Adriano wa Sita mwaka 1522 na Marselo wa Pili mwaka 1555 walibaki na yao ya ubatizo. Leo Papa Leo wa Kumi na Nne ni Robert Prevost wa Chicago.

Wa upande wa majina ya watakatifu wana mtu mzito, Yohane Krisostomo. Alihubiri akiwasema wazazi wa zama zake waliokuwa wanawasha taa kadhaa, kila taa inapewa jina, itakayowaka mpaka mwisho ndo mtoto anapewa jina hilo ili aishi miaka mingi. Akasema acheni hizo, waiteni kwa majina ya wenye haki. Kwa hiyo kuna wakati hiyo sheria ilikuwa inapambana na uganga kweli.

Lakini kuna wakati iligeuka kichekesho. Geneva ya Calvin, 1546, wachungaji wakaamua majina fulani ya watakatifu hayafai, baba kaleta mtoto anataka aitwe Claude, mchungaji kaona hiyo ni ibada ya watakatifu, akambatiza Abraham pale pale mbele ya baba yake. Vurugu ikatokea kanisani. Yaani Mkatoliki anakataa Sechelela kwa sababu sio mtakatifu, Mprotestanti anakataa Claude kwa sababu NI mtakatifu, mtoto yuko mikononi analia tu.

Na Dodoma yenyewe jamani, Kanisa Kuu la Katoliki hapo mjini limewekwa chini ya Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Huyo alizaliwa anaitwa Paolo Francesco Danei, hilo "wa Msalaba" amelichukua mwenyewe alipoanza kazi yake. Hakuacha Paolo. Ameongeza.

Kondoa_Irangi

Na St. John's University pale ilikuwa Mazengo Sekondari. Mtemi Mazengo wa Wagogo katoka, Yohana kaingia 😂😂

Mzee wa Chamwino

Kijana, sisi wa zamani tukipanda daladala bado tunasema nishushe Mazengo.

Luteri_wa_Singida

Kuna kitu hamjakigusa. Wenzetu wa Kilutheri wa kaskazini walishalimaliza hili kitambo bila kelele, Elibariki, Eliamani, Elinami, wanachukua Eli ya Kiebrania wanaipachika kwenye maneno ya kwao, likitoka ni la Biblia na la nyumbani kwa mpigo, hakuna wa kukataa. Huku kwetu naona tumeruka moja kwa moja kwenye Precious na Brighton na Givenchy, hayo yanapita mlangoni bila swali maana yanasikika kizungu. Nimeshuhudia mtoto anabatizwa kwa jina la gari, na mwenye Sechelela anarudishwa. Hapa ndo mimi naona mleta uzi ana kesi.

Zabibu_Kavu

Ndo hicho mkuu. Kama kipimo kingekuwa utakatifu basi kiwe kwa wote, mwenye jina la pafyumu naye arudishwe Jumamosi.

mama_Nyemo

Jina la gari gani? 👀

Luteri_wa_Singida

Siwezi sema, mwenye mtoto yumo humu humu.

Mwl_wa_Dini

Nimerudi. Swali lako nimelibeba mpaka kwa padri mmoja ninayemheshimu, yeye hakujibu kwa kanuni. Akanikumbusha Luka 1. Siku ya nane majirani na ndugu wamekuja kumtahiri mtoto wa Elisabeti, wao wameshaamua anaitwa Zakaria kama baba yake, mama anasema hapana ataitwa Yohana, wanambishia, hakuna mtu kwenye ukoo wenu mwenye jina hilo. Mpaka baba bubu anaomba kibao anaandika. Padri akasema pale kelele zote ni za watu wa nje, na jina limetoka ndani ya nyumba, kwa mama kwanza. Akasema wanaoandikisha huwa wanajisahau wanakaa nafasi ya majirani. Bado nasema aongezewe somo. Ila mlango usifungwe, hapo nimekubali.

Zabibu_Kavu

Mwalimu hapo tumekutana. Mdogo wangu kaambiwa aende kwa paroko Alhamisi baada ya misa ya asubuhi, nitampa hiyo 855 kwenye karatasi ila nimemuonya asianze nayo, aanze na salamu. Kuhusu somo amesema kama ni kuongeza anataka Monika, kwa ajili ya yale uliyoyasema. Shemeji bado hajaambiwa habari za Monika.

Mwanasheria_Uchwara

Wakati mnabishana mambo ya mbinguni kumbukeni ya duniani. Mwambie mdogo wako cheti cha kuzaliwa akichukue mapema, huyo yuko chini ya miaka mitano anasajiliwa kwenye kata au kituo cha afya, hamna haja ya kusubiri ubatizo. Na atakachoandika pale kifanane herufi kwa herufi na cha ubatizo na cha shule, maana nimeona watu kanisani ni Monika wa K, RITA kwenye cheti cha kuzaliwa ni Monica wa C, NIDA kwenye kitambulisho cha taifa ni Sechelela peke yake, akifika kuomba mkopo wa chuo anazunguka na viapo vya mahakamani. Waamue mpangilio wa majina sasa hivi wakiwa watatu nyumbani, lipi la kwanza lipi la kati.

Zabibu_Kavu

La kwanza Sechelela. Hilo halina kikao.